Mkate wa Mnyongaji

"Upi wangu?" aliuliza mnyongaji.

Hayo hayakuwa maneno yake. Katika skripti, mnyongaji anaingia sokoni na kofia yake nyekundu, watu wanampisha na kumgeuzia migongo, naye anakwenda moja kwa moja kwenye meza ya mwokaji. Mikate iko kumi na miwili. Wake anautambua mara moja, kwa sababu ni huo tu uliolazwa chali, tumbo juu. Anauchukua, anautazama kwa mapenzi na kusema, "Angalau mmoja katika mji huu hanigeuzii mgongo." Hapo ndipo Ufaransa nzima ilitakiwa icheke.

Lakini mikate yote kumi na miwili ilikuwa imekaa vizuri, migongo juu, kama watoto wa shule ya masista. Anselme Rouquette, mchekeshaji wa miaka sabini aliyevaa kofia ile, alibaki ameshika kiuno.

"Kata," alisema Thibault Marsac, mwongozaji wa filamu. Alisema polepole, na waliomjua walijua kwamba polepole yake ni mbaya kuliko kelele za wengine. "Yolaine. Njoo hapa."

Yolaine Courtiade aliweka chini mfuko wake wa unga akaenda. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mikono mipana, na plasta ya buluu kwenye kidole gumba alichojikata alfajiri. Yeye ndiye mtunza vifaa: kila kilichoguswa, kilicholiwa, kilichovunjwa au kubebwa mbele ya kamera kilikuwa juu ya kichwa chake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amebeba masanduku ya mtu mwingine, mzee Ghislain, akimshonea mikoba, akimchemshia damu ya bandia, huku jina linaloandikwa mwisho wa filamu likiwa la Ghislain. Hii ilikuwa filamu ya kwanza kukabidhiwa yeye. Hata sanduku kubwa la vifaa bado lilikuwa na jina la mzee limepakwa rangi nyeupe. Yolaine alikuwa amebandika karatasi yenye jina lake juu yake, na karatasi yenyewe ilikuwa imeanza kubanduka kwenye pembe.

"Hii ni mara ya tatu," alisema Marsac. "Mkate mmoja. Sijakuomba ngome, sijakuomba farasi wa kuruka. Nimekuomba mkate mmoja ulale chali."

"Niliulaza chali."

"Régine?"

Régine ndiye aliyekuwa akiandika kila kitu kilivyokaa, ili picha ya asubuhi na ya jioni zishikane. Alifungua daftari lake. "Ulilazwa. Nilihakiki, nikapiga picha. Baada ya hapo ukageuka."

"Mikate haigeuki yenyewe," alisema Marsac. "Kesho uwanja huu unarudi kwa wenye soko, na Anselme anapanda treni kwenda Lyon kwenye tamthilia yake. Jua linaingia nyuma ya mnara saa kumi. Tuna leo tu, na nusu yake imeshaliwa. Mkate ukigeuka tena, Yolaine, nampigia Ghislain. Amestaafu, lakini yuko mwendo wa saa mbili tu kutoka hapa, na atakuja akiimba."

Damu ilimpanda Yolaine hadi masikioni, lakini alijikaza. Hakuvumilia miaka kumi na tisa ili aje aangushwe na mkate. Alirudi kwenye meza ya mwokaji, akaulaza ule mkate mweusi wa mviringo chali, akakandika unga mbichi chini yake usiyumbe, kisha akasimama kando akiwatazama watu wote wa uwanja ule kama polisi wa mpakani.

Na kulikuwa na wa kutazamwa. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, ya zama za kale, kuhusu mnyongaji anayezimia akiona damu. Ili kuujaza uwanja wa Montserval walikuwa wamewachukua watu wa mji wenyewe, themanini hivi, wakawavika magunia na kuwapaka matope. Mfamasia alikuwa mwombaji. Mkuu wa posta alikuwa kiwete, na alichechemea kwa bidii hata alipokwenda chooni. Karibu kabisa na meza ya mikate, umbali wa mkono, aliwekwa Bibi Séraphine Delpuech, miaka themanini na mmoja, mwenye kikapu mapajani kilichojaa liki, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu. Bibi huyu alizaliwa kwenye nyumba yenye madirisha ya kijani inayotazama uwanja huohuo, na kama si wale watu wa filamu kuyafunika kwa mbao, angeyaonyesha kwa kidole.

Yolaine alimwinamia. "Bibi, samahani. Hujaugusa huu mkate?"

"Mimi? Mikono yangu imejaa liki, binti yangu."

"Mara moja tu, kwa bahati mbaya?"

"Bahati mbaya ni kuuacha ulale hivyo." Bibi Delpuech aliukazia macho ule mkate. "Mama yangu angewafukuza nyote na kamera zenu. Mkate wa mnyongaji mnauweka mbele za watu, mchana kweupe."

"Ni wa filamu tu, Bibi."

"Kwani wa filamu si mkate?"

Hapo Yolaine alijua amempata mtu wake. Nani mwingine? Katika nchi ile mtu anaweza asiende kanisani miaka thelathini, akacheka mapadri na wachawi kwa pamoja, lakini mkate ukilala chali mezani kwake hali kwa raha mpaka augeuze. Waokaji wa zamani waliutenga hivyo wa mnyongaji ili mteja mwingine asiuguse; wanyongaji wamekwisha, mwiko umebaki. Na huyu bibi alikuwa na umri wa kushika miiko yote.

Walirekodi tena. Yolaine alinyunyiza unga wa mwisho mezani, akaupangusa pembeni, akaondoka mbiombio kabla kamera haijaanza, macho yote kwenye mikono ya Bibi Delpuech. Ile mikono haikutikisika. Ilishika liki mwanzo hadi mwisho. Anselme akaja na kofia yake nyekundu, umati ukampisha, akafika mezani, akatazama, akashusha pumzi.

"Thibault," alisema, "mimi nina umri. Mkinizungusha hivi nitakufa kweli, na mtalazimika kuandika upya."

Mkate ulikuwa umekaa sawa, mgongo juu.

Marsac alitazama aliyekuwa karibu na mkate kuliko wote. Hakuhitaji ushahidi mwingine. "Bibi, asante sana kwa msaada wako. Wapelekee watu wa maleba nguo zao, kisha ule chakula cha mchana nasi kabla hujaenda nyumbani. Yolaine, na wewe tutaongea baada ya chakula."

Bibi Delpuech hakubisha, na hilo ndilo lililomuuma Yolaine. Aliinuka na kikapu chake, akafungua kilemba cha gunia, nywele nyeupe zikamwangukia shingoni. "Labda ni mimi kweli," alisema taratibu. "Sikumbuki kuugusa. Lakini siku hizi nasahau hata kama nimefunga mlango. Nilishawaambia watu wote wa kanisani nimo kwenye filamu. Basi, nitawaambia simo."

Mikono ya bibi haikutikisika. Hilo Yolaine alikuwa ameliona kwa macho yake mwenyewe.

Saa sita kamili kila mtu aliacha kazi. Hata mbingu ingeanguka, watu wale wangekula kwanza: meza ndefu chini ya hema, vitambaa vyeupe, supu ya dengu, nyama ya kondoo, jibini tatu, na mfalme, mwombaji na fundi umeme wakigombania haradali moja. Yolaine hakukaa. Alimfuata Régine kwenye gari la skrini za kutazamia picha zilizorekodiwa, akamkuta anakula tufaha peke yake.

"Nionyeshe ile ya mwisho."

"Umeshaiona."

"Nionyeshe ya kabla. Mpiga picha huwa anawasha kamera mapema, apime ukali wa picha. Nataka zile dakika za kabla ya 'anza'."

Régine alitafuta. Skrini ikaonyesha meza ya mwokaji, mikate kumi na miwili, mmoja chali. Umati ulikuwa ukijikuna na kupiga miayo. Bibi Delpuech alikuwa anapiga chafya. Kisha mkono ukaingia kutoka kushoto, ukanyunyiza unga, ukapangusa pembe ya meza, na ulipokuwa ukiondoka, bila haraka wala kusita, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani, ukaugeuza mkate na kuuweka sawa. Mkono ulikuwa na plasta ya buluu kwenye kidole gumba.

Yolaine alikaa chini kwenye ngazi ya gari.

"Tena," alisema.

Régine alirudisha. Mkono uliingia, ukanyunyiza, ukageuza. Wakatafuta na ile iliyotangulia, na ile kabla yake. Mkono uleule, plasta ileile. Yolaine alijitazama kidole kana kwamba ni cha mtu aliyekaa jirani naye. Alimkumbuka nyanya yake, kule shambani, na kijiko cha mbao kilichokuwa kikitua juu ya vidole vya mtoto yeyote aliyeacha mkate chali. Nyanya alikufa miaka thelathini iliyopita. Kijiko kilikuwa bado kinafanya kazi.

"Mimi sijaona kitu," alisema Régine, na tufaha lake mdomoni. "Nikizifuta hizi sekunde chache, hazipo. Kabibi kameshaondolewa, utajichunga mikono, mchana tunamaliza. Una watu wangapi wanaokuombea hiyo kazi iendelee? Mimi mmojawapo."

Yolaine alilifikiria. Asingekuwa binadamu kama asingelifikiria. Aliona sanduku lake na karatasi inayobanduka, akamwona Ghislain akishuka kwenye gari anapangusa miwani yake na kumwita "mtoto" mbele ya watu, kama alivyomwita kwa miaka kumi na tisa. Angeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua.

Kisha kupitia mlango wa gari akamwona Bibi Delpuech mwisho wa meza ndefu, amevaa sweta lake la kila siku, peke yake kati ya watu waliovaa magunia. Kila mtu wa pembeni alikuwa amemgeuzia bega kidogo, kwa aibu tu, si kwa ubaya.

Yolaine alipiga moyo konde. Alikwenda kwenye meza ya mwokaji, akauchukua ule mkate, akatembea nao hadi chini ya hema, akasimama mbele ya Marsac na kuulaza chali katikati ya sahani yake na chupa ya mvinyo, kama ulivyotakiwa kulala.

"Si Bibi Delpuech," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni mimi. Mara zote ni mimi. Nimeuona mkono wangu kwenye skrini. Nyunyiza unga, pangusa, geuza. Sikujua ninafanya."

Vijiko vilitua mezani kimoja baada ya kingine.

Marsac alimtazama. "Kwa hiyo mtunza vifaa ndiye anayeharibu vifaa."

"Ndiyo."

"Tangu asubuhi ninawatukana watu themanini kwa sababu yako."

"Ndiyo. Mrudishe bibi kwenye nafasi yake. Mimi unifanye utakavyo, lakini yeye mrudishe."

"Mwaka gani huu tulio nao?" Marsac alikuwa amekasirika kweli sasa, na hasira yake ilitafuta pa kushika. "Watu wazima, wamesoma, wana simu mifukoni, halafu wanatishwa na mkate. Ushirikina wa vikongwe. Mimi nyumbani kwangu," aliendelea, akanyoosha mkono, akaugeuza ule mkate mgongo juu, akausogeza karibu na kuanza kuukata kipande, "mimi nyumbani kwangu sijawahi kuwa na upuuzi huu."

Mkuu wa posta alijifuta midomo. Anselme Rouquette, kofia nyekundu ikiwa imening'inia kwenye goti lake, ndiye aliyesema, kwa upole wa daktari:

"Thibault, mwanangu. Tazama mkono wako."

Marsac aliutazama. Akautazama mkate. Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, kikaenda mezani mpaka mwisho na kurudi, na hata fundi umeme alilazimika kusimama ili akohoe. Marsac aliweka kisu chini. Mtu mwingine angecheka pia, lakini yeye hakuwa wa aina hiyo, angalau si mbele ya watu.

"Bibi avae tena magunia yake," alisema. "Leteni mkate mwingine, huu nimeukata. Mara moja ya mwisho. Na wewe Yolaine, niliyosema asubuhi bado yako palepale. Mkate ukigeuka, nampigia."

Jua lilikuwa limeshaanza kuuegemea mnara walipokuwa tayari. Yolaine aliulaza mkate mpya chali mezani, kati ya wenzake kumi na mmoja. Alinyunyiza unga. Kisha, kabla mkono haujapata wazo lake, alirudi nyuma hatua sita, akavua kamba ya aproni yake na kumpa Régine.

"Nifunge."

"Una wazimu."

"Nifunge mikono nyuma. Kaza."

Régine alikaza. Hivyo ndivyo Yolaine alivyosimama nyuma ya kamera, mikono imefungwa kama mfungwa wa filamu yenyewe. Alikuwa ameshaamua kwamba hata pua ikimwasha, itawasha mpaka mwisho.

"Anza," alisema Marsac.

Mnyongaji aliingia sokoni. Umati ulimpisha. Mfamasia akamgeuzia mgongo, mama mmoja akamvuta mtoto wake, mkuu wa posta akachechemea kumkwepa. Anselme alitembea katikati yao akitabasamu kulia na kushoto, tabasamu la mtu aliyezoea kutojibiwa, na kofia ile nyekundu kubwa ikimwangukia machoni. Ilichekesha, na Yolaine alihisi inakwenda vizuri. Mkate ulikuwa chali. Hatua kumi zaidi, hatua nane.

Ndipo alipouona mkono wa Bibi Delpuech ukitoka kwenye liki.

Ulitoka taratibu, mkono mwembamba wenye mishipa, ukavuka nafasi ile ndogo kati ya kikapu na meza. Usifanye hivyo, Yolaine aliomba kimoyomoyo. Bibi, nimekutetea mbele ya watu wote, usinifanyie hivi. Angeweza kupiga kelele. Sauti yake ingeharibu rekodi, wangesimama, na labda jua lingewasubiri kidogo. Alifungua mdomo. Lakini aliona uso wa yule bibi, naye alikuwa hautazami mkate. Alikuwa anamtazama mzee mwenye kofia nyekundu anayekuja peke yake. Yolaine akafunga mdomo.

Bibi Delpuech aliugeuza mkate. Aliuweka sawa, akaupigapiga mgongoni mara mbili, kama anayemlaza mtoto, akarudisha mkono kwenye liki zake.

Anselme alifika mezani na kusimama. Mikate kumi na miwili, yote sawa. Kwa miaka hamsini ya kazi alikuwa amejifunza jambo moja, kwamba kamera isipokatwa unaendelea. Aliutazama mkate. Akamtazama bibi.

"Huo ni wangu," alisema.

Bibi Delpuech hakuwa na maneno kwenye skripti. Alikuwa amelipwa akae kimya na kikapu.

"Najua ni wako," alisema. "Lakini mkate haulazwi hivyo. Hata wa kwako."

Watu wa uwanjani walianza kucheka, kisha kicheko kikakatika njiani. Anselme alikuwa amevua kofia. Alisimama na kichwa chake cha upara mbele ya kikongwe mwenye liki, akitafuta utani wake, ule utani uliotakiwa uichekeshe Ufaransa nzima, na haukuja. Aliuchukua mkate kwa mikono miwili. Akakaa kwenye ngazi ya mwokaji, palepale, akamega kipande na kumpa bibi, kisha akamega chake, wakaanza kutafuna bega kwa bega, na matope yao.

Marsac hakusema "kata". Mwanga wa jua ulipanda ukuta wa mnara, ukabaki juu kwenye jiwe la mwisho. Ndipo alipolisema neno hilo, akaja moja kwa moja kwa Yolaine.

Yolaine alikuwa ameshamgeukia Régine ili afunguliwe. Alijua la kusema. Alikuwa amelipanga tangu ule mkono ulipotoka kwenye liki. "Mkate umegeuka," alisema. "Funguo za sanduku ziko mfukoni mwangu, nikifunguliwa nitakupa. Ghislain anajua kila kitu kilipo."

"Ghislain apumzike." Marsac alikuwa anatazama kamba, si uso wake. "Ulikuwa unaona bibi anaunyooshea mkate mkono?"

"Nilikuwa naona."

"Hukupiga kelele."

"Hapana."

Marsac aliitikia kwa kichwa, mara moja tu. "Tuna dakika ishirini za mwanga. Nataka ile mikono ya bibi kwa karibu, anavyougeuza. Niwekee mkate."

Kamba ilianguka. Yolaine alijisugua vifundo vya mikono na kwenda mezani, akipita kwenye sanduku lake, ambako alisimama kiasi cha kuikandamiza pembe ya karatasi kwa kidole gumba mpaka ikashika. Aliuchagua mkate mwingine, mzima, akaufuta vumbi. Uwanja mzima ulikuwa unamwangalia mikono. Bibi Delpuech alikuwa amesharudi kwenye nafasi yake na kikapu mapajani, makombo kidevuni.

"Ulaze, binti yangu," alisema. "Usiogope. Mimi nipo hapa."

Yolaine aliulaza chali. Mkono ulimwasha, kama kawaida yake. Aliuvuta nyuma, akauacha mkate ulale hivyo, akaenda zake.